Sura ya Saba Niliyoiimba

Minza, mayu,

Mwadila, salamu yetu ya mchana. Saa hizi uko nyumbani, umekaa mkekani, shangazi yako Holo anakusuka nywele za safari. Mimi nimefunga kibanda saa tisa mchana, jua bado kali, nimejifungia ndani kama mtu anayekimbia mgambo. Kuna mteja anagonga. Aliacha simu jana nimbadilishie kioo, na kandambili zangu ameziona nje, kwa hiyo anajua nimo. Na agonge. Leo hakuna fundi hapa.

Nakuita mayu kama ninavyokuita siku zote, kwa sababu una jina la mama yangu, na kwetu Wasukuma mtoto mwenye jina la mama yako hata ukitaka kumgombeza unamgombeza kwa adabu. Ila barua hii si ya kukugombeza. Ingekuwa hivyo ningeshaimaliza.

Kesho alfajiri unapanda basi la Dodoma kwenda kuanza chuo. Mambo ya kushika mkoba vizuri, kutokula ovyo njiani, kuchemsha maji, na wanaume, hayo Holo ameshakueleza na ataendelea kukueleza mpaka dereva apige honi. Mimi hayo siyawezi. Nimekaa hapa niandike jambo moja ambalo tumelizunguka tangu msimu wa ngoma, wewe kwa kunyamaza, mimi kwa kujifanya nina simu nyingi za kutengeneza.

Nilichukua sura ya saba ya riwaya yako nikaiimba uwanjani.

Haya, nimeiandika, naiona. Miezi mitatu nimeshindwa kuitamka mbele yako, kumbe inaenea kwenye mstari mmoja.

Unajua kwamba na mimi nilitaka kuandika kitabu. Bariadi nzima inajua, na hapo ndipo nilipoharibu mwanzo kabisa. Nilipomaliza kidato cha nne nilimtangazia kila mtu kwamba nitaandika riwaya juu ya watu wa Migato, watu wa pamba na ng'ombe, kitabu ambacho mtu akikisoma atasikia vumbi puani. Nikapewa jina: Mwandishi. Mpaka leo wazee wa hapa sokoni hawanijui kwa jina la Masanja. "Mwandishi, kitabu kimefikia wapi?" "Kinakaribia, mzee wangu." Nilijibu hivyo nikiwa na miaka ishirini na miwili, na mwaka jana nikajibu hivyo hivyo nikiwa na arobaini na sita. Ukishaitwa mwandishi, mayu, kuandika kwenyewe hakuna haraka tena. Sifa umeshazila, njaa imeisha.

Na mimi nilikuwa na utaratibu wangu, usicheke. Mvua zikianza, kalamu chini, tunalima. Halafu palizi, halafu kupiga dawa, halafu kuvuna. Pamba ikishauzwa nanunua daftari jipya, nakaa mezani kama bwana mkubwa, nasoma nilichoandika mwaka uliopita, nakiona cha kitoto, nakiacha, naanza upya sura ya kwanza. Sura ya kwanza ikianza kunoga, ngoma zimeanza, na mimi ni manju wa kikundi, nani ataimba? Ngoma zikiisha, simu za watu zimejaa mezani, dada yangu anauliza mbona nyumba inavuja. Nikija kushika kalamu, mawingu hayo juu ya Migato. Lile sanduku la bati chini ya kitanda changu lina madaftari kumi na tisa, na yote ni sura ya kwanza. Yule bwana wa kwenye riwaya yangu ameamka asubuhi mara kumi na tisa na hajafika hata kisimani kunawa uso.

Nilikuwa nikikwambia kwamba maisha yamenibana. Kilimo, kazi, ngoma, mtoto wa kulea bila mama yake. Ulikuwa unaitikia kwa heshima. Kumbe ulikuwa unaishi maisha hayo hayo, tena na kazi zangu nusu umebeba wewe, na ukaandika.

Nilikuwa nakuona. Kurasa mbili kila asubuhi kabla ya kwenda kuchota maji, umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kaunta buku magotini. Siku za palizi, kurasa mbili. Ile wiki una malaria na Holo amekufichia kalamu, ukaandika na penseli ya macho. Jioni unakwenda zako netiboli, Jumapili kwaya, unarudi unapika, unacheka na wenzako kwenye simu, mtu asiyejua angesema huyu binti hana lolote kichwani. Na mimi, Mwandishi, nakaa kizingitini nakusikitikia. Nasema moyoni, huyu hajui, riwaya haiandikwi kwa vipande hivi, riwaya inataka mtu atulie, apate nafasi. Nafasi! Nimeisubiri nafasi hiyo kwa robo karne.

Ulipomaliza kidato cha sita ukaniletea hapa kibandani kaunta buku tatu, zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Nakumbuka ulivyosimama, mguu mmoja juu ya mwingine kama ulivyokuwa ukiwa mdogo na una haja. Ukasema, "Baba, wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayezijua riwaya. Soma uniambie ukweli. Usinionee huruma."

Nilizisoma kwa siku mbili. Simu ya mchungaji nikaiunguza kwa pasi ya risasi, ile ya kuchomelea nyaya, kwa sababu jicho moja lilikuwa kwenye daftari. Minza, ni nzuri. Nakwambia leo, kwa kuchelewa, kwa aibu: ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kuwaza kuandika. Wale watu wa Migato niliotaka kuwaandika tangu ujana wangu, umewaandika wewe, wanatembea, wananuka jasho, wanagombana juu ya mpaka wa shamba, na unawapenda bila kuwasifia. Nilifika mahali nikafunga daftari nikatoka nje nikasimama tu juani.

Furaha ilikuwepo, usidhani haikuwepo. Ila ilikuja na mwenzake. Niliona wivu. Mtu mzima, ndevu zina mvi, namwonea wivu mtoto wangu wa kumzaa. Kila ukurasa nilikuwa nasema, hili ningeliandika mimi, kama ningepata nafasi. Wiki iliyofuata ukaniuliza, "Umefika wapi, baba?" Nikasema bado nasoma. Ukaniuliza tena, nikasema macho yananisumbua. Mara ya tatu hukuuliza, ulinitazama tu ukaendelea kuchambua mboga. Ningeweza kusema neno moja siku ile. Neno "nzuri" lina herufi tano na nilikunyima kwa wiki saba.

Sasa sura ya saba. Wewe uliiandika, sina haja ya kukusimulia, lakini nataka uone kwamba niliisoma. Mtoto wa miaka minne amekaa uani kando ya lundo la pamba. Mama yake amelala mkekani, ana mimba, anatoka damu, anasema anasikia baridi ilhali jua ni kali. Mtoto hajui kinachotokea. Anachojua ni baridi tu. Basi anachukua pamba kwenye lundo, konzi kwa konzi, anamfunika mama yake miguu. Miguu ikishafunikwa anafunika magoti. Huku nyuma baba anahangaika kutafuta gari. Baiskeli imekatika mnyororo porini, ameibeba begani, anakimbia nayo. Na mtoto anaendelea kufunika. Nilisoma mahali pale nikalia mpaka mteja akaniuliza kama nimepokea taarifa mbaya.

Msimu ukafika. Wewe umekulia humo lakini nitasema, maana Dodoma wenzako wataona ni hadithi: vikundi viwili vinasimama uwanja mmoja, huku Bagalu, kule Bagika, kila manju anaimba kwa wakati huo huo mmoja, spika kwa spika, na watu wako huru kukimbilia wanakotaka. Hakuna jaji. Mwenye watu wengi mwishoni ndiye mshindi. Sijui kitu kinachomvua mtu utu wake kama kusimama juu ya ule mkokoteni tunaoimbia ukaona migongo ya watu inaondoka.

Siku ile nilikuwa naona migongo. Yule manju wa upande wa pili, kijana, ana kinyonga begani, ana utani wa matusi, watu wanakufa kwa kucheka. Mimi nyimbo zangu zilikuwa za mwaka juzi. Nimekaukiwa kabisa. Wachezaji wangu wananitazama, jasho limewachora vumbi usoni, na mmoja anapaza sauti, "Mwandishi, tunakwisha!"

Nikafungua mdomo na kilichotoka ni chako. Mama, miguu yako ya baridi. Nami nina pamba, mama, nikufunike. Kwa Kisukuma yalitoka kama yaliyozaliwa humo. Sikupanga, haki ya Mungu sikupanga, lakini mstari wa kwanza ulipotoka nikaona watu wawili wamegeuka, na kuanzia hapo nilipanga kila neno. Nikaimba konzi kwa konzi. Nikaimba baiskeli begani. Wanawake wakaanza kuja, kanga kichwani, wanalia wanakuja. Kisha wanaume. Upande wa pili alibaki yule kijana na kinyonga wake. Sijawahi kupata watu kama wale maisha yangu yote.

Halafu nikakuona. Ulikuwa umesimama karibu na muuza miwa, umevaa jezi ya netiboli, umetokea mechini kuja kumshangilia baba yako. Hukulia. Ulikuwa unanitazama kama mtu unayemkuta stendi unajaribu kukumbuka ulimwona wapi. Na mimi nikaimba ubeti mwingine. Hilo ndilo ninaloliona kila nikifumba macho, mayu: nilikuona, nikajua, nikaimba ubeti mwingine.

Tulipewa fahali wa ushindi. Nyama uliipika wewe na hukuila.

Kesho yake ulikuja hapa saa mbili asubuhi. "Shikamoo baba." "Marahaba mayu." "Naomba madaftari yangu." Nikakupa. Na mjinga mimi nikasema, "Umeona watu walivyoyapenda? Ni maneno yako yale." Ukafunga ile kamba ya kiatu taratibu, ukasema, "Sasa ni yako, baba. Nikitoa kitabu watasema nimenakili wimbo wa baba yangu." Nikasema tutawaeleza. Ukasema, "Kuandika nimeacha. Nawaachia wenyewe." Ukaniaga vizuri, ukaenda.

Nikadhani ni hasira za wiki moja. Lakini asubuhi ile ndoo ilikuwa na maji, na kesho yake pia, na kesho kutwa. Unaamka, unachota, unafagia, huikalii tena. Holo aliniambia jikoni, "Umemfanya nini mtoto? Nyumba imekuwa kimya kama imehamwa." Nilimwambia mtoto amekua, anawaza chuo.

Adhabu yangu nayo unaijua, ingawa hatujawahi kuiongelea. Vijana wanaleta simu wawekewe nyimbo, na wanataka wimbo upi? "Mzee, tuwekee ule wa pamba." Nimeuweka kwenye simu za watu wa Maswa, wa Itilima, wa huko Nassa ziwani, mpaka nimeacha kuhesabu. Bodaboda zinapita nao. Msibani wanaupiga. Mwezi uliopita mama mmoja alinishika mikono yote miwili akasema marehemu mke wangu anafurahi huko aliko. Nikamshukuru! Nilimshukuru, Minza.

Nilijaribu kurekebisha. Hukuwepo, ulikuwa umekwenda Shinyanga kufuatilia vyeti. Siku ya kufunga msimu nilishika kipaza sauti nikasema, "Ndugu zangu, maneno ya wimbo huu si yangu. Ni ya binti yangu Minza, aliyaandika kwenye kitabu chake, mimi nimeyachukua bila kumwomba." Nikasubiri wanizomee. Wakapiga makofi. Wakapiga vigelegele, mayu! Mzee mmoja akasema, huyu manju ana unyenyekevu, anampa mtoto wake heshima kabla ya safari. Kijana mmoja akaja pembeni, "Mzee una utani wewe, binti wa form siksi atunge vile? Acha hizo." Nikarudia. Nikaapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyonipenda. Nikashuka pale nikiwa nimekuibia mara ya pili, na kibanda kikajaa wateja zaidi.

Kwa hiyo sina la kukurudishia. Wimbo ukishatoka haurudi ndani. Siwezi kuingia kwenye kila simu ya Simiyu nikaufuta, na ningeweza, wangeuimba kwa midomo. Nimekaa hapa tangu saa tisa natafuta neno la kukutia moyo na naona kila neno nikilishika lina alama za vidole vyangu. Sikuombi unisamehe. Kuomba msamaha usiku wa kuamkia safari ni kumtwika mtu mzigo mwingine akiwa na begi tayari.

Ila kuna mambo machache nimeyajua, na nimeyajua kwa gharama, sijui kama yatakufaa.

Ngoma haikunizuia kuandika. Pamba haikunizuia. Wewe hukunizuia, na nilishawahi kusema hivyo ulipokuwa na miaka kumi na ukasikia, nakumbuka ulivyotoka mlangoni. Kilichonizuia ni kwamba nilitaka watu waje leo. Uwanjani ukiimba vizuri unaona hapo hapo, wanakuja. Kitabu kinakaa na wewe peke yako mwaka mzima na hakuna hata kuku anayegeuka. Mimi upweke ule niliuogopa, nikauita kukosa nafasi. Wewe ulikuwa unakaa nao kila asubuhi juu ya ndoo na ukaondoka kwenda netiboli. Sijui ulijifunzia wapi. Si kwangu.

Na lile la kumwonyesha mtu kazi yako. Ulifanya sawa, mayu. Usije ukajisema ulikosea kuniamini. Binti kumpa baba yake daftari asome, kosa liko wapi? Dodoma usimfiche kila mtu kwa sababu yangu. Utampata mtu atakayekwambia kesho yake asubuhi, hapa pamenoga, hapa pamepwaya, na atakurudishia daftari likiwa kamili. Wapo. Sikuwa mmoja wao.

Sasa nimefika ninapopaogopa. Mteja ameacha kugonga, amekata tamaa amekwenda, na kibanda kimya.

Ile baiskeli haikukatika mnyororo.

Hadithi ile ya baiskeli begani ni mimi niliyokusimulia. Uliniuliza ukiwa na miaka sita, tumetoka kanisani, "Mama alipokufa ulikuwa wapi?" Nikakutungia papo hapo. Ulipenda hasa pale pa kubeba baiskeli, ukawa unaomba nikusimulie tena, na mimi kila mara naongeza mawe, naongeza miiba. Ukakua nayo. Ukaiandika kwa upendo wote ule, ukanifanya shujaa kwenye kitabu chako, ukaniletea nisome. Na mimi nikasoma uongo wangu kwa mkono wako, nikalia, halafu nikauimba mbele ya watu na wao wakalia.

Siku ile mama yako Nkwimba alipoanza kutoka damu, mimi nilikuwa uwanjani. Ni msimu wa ngoma, pamba imejaa uani, na uwanja uko nusu saa tu kwa baiskeli kutoka nyumbani. Asubuhi alikuwa ameniambia tumbo linavuta. Nikasema mimba zote zinavuta, nikachukua manyanga yangu nikaondoka. Saa nane hivi Holo akafika. Alikimbia njia nzima, miguu imejaa vumbi mpaka mapajani. Akapenya katikati ya wachezaji, jambo ambalo mwanamke hafanyi, akasimama chini ya mkokoteni akapaza sauti, "Kaka, Nkwimba anatoka damu, njoo tutafute gari!"

Nilimsikia vizuri. Watu walikuwa ndiyo wanaanza kuja upande wangu. Ndiyo kwanza wanageuka, mayu, na nilikuwa sijawahi kushinda. Nikamwonyesha vidole vitatu. Nyimbo tatu, halafu naja.

Na nyimbo zetu unazijua zilivyo ndefu.

Holo alisimama pale mpaka wimbo wa kwanza ukaisha. Kisha akarudi peke yake, kwa miguu. Mimi nilimaliza zote tatu, nikashinda, nikapanda baiskeli nzima, yenye mnyororo mzima, nikaenda barabarani kutafuta gari, na gari nililipata haraka tu, la kwanza kupita likasimama. Nilipofika nyumbani ulikuwa umemfunika mpaka kifuani. Ulinyoosha kidole ukaniambia taratibu, "Baba, mama amepata joto." Alikufa njiani kabla hatujaiona Bariadi. Sijui kama angepona ningefika mapema. Nimejiuliza miaka kumi na sita. Madaftari yangu ya mwanzo yalikuwa uvivu, lakini yote ya baada ya pale ni woga: nilijua sura ya pili itanipeleka uwanjani, nikawa nageuza punda narudi ya kwanza.

Holo anajua. Ndiyo maana amekulea kama wake, na ndiyo maana mwaka mzima wa kwanza hakunisalimia. Hakukwambia kwa sababu alisema ni kazi yangu kukwambia. Usimlaumu.

Najua ninachokufanyia. Kesho utapanda basi ukiwa na baba mwizi, na ukifungua barua hii Dodoma utakuta hata yule baba wa kwenye baiskeli hayupo. Ningeweza kukuacha naye. Hata Holo, safari hii, amesema nikuache naye. Lakini sura ya saba niliyoiimba ndiyo hiyo ya baiskeli, na hiyo imeshaliwa, ni ya watu sasa, na haikuwa kweli. Hii sijaiimba na sitaiimba. Hakuna simu iliyo nayo. Hakuna atakayesema umenakili, maana hakuna baba anayeweza kusimama uwanjani akaimba hili.

Usipoandika tena, nitaelewa, na nitakufa nikijua ni mimi. Lakini siku ukishika kalamu, hata baada ya miaka, mtoe yule mwanamume wa porini. Mrudishe juu ya mkokoteni, anaimba, jua la saa nane, watu wanageuka, dada yake anamwita kwa sauti, na yeye anainua vidole vitatu. Usimwonee huruma. Na jina langu usilibadilishe.

Baba yako,
Masanja